Mtalii Nyumbani: Somo la Safari ya Asubuhi katika Jangwa la Chalbi

Wakazi wengi wa Kaunti ya Marsabit wamewahi kulipita jangwa la Chalbi, lakini waliolitembelea ni wachache. Mtu wa Moyale, Laisamis au mji wa Marsabit akisikia jina hilo, hukumbuka njia ndefu ya kwenda North Horr, vumbi na joto. Wakati huohuo, wageni husafiri kutoka Nairobi, na wengine kutoka ng'ambo, waje kuona jua likichomoza juu ya uwanda huo mweupe.

Somo hili ni la mkazi anayetaka kwenda Chalbi kama mtalii, awe na familia yake, kikundi cha vijana, wanafunzi, au jamaa waliomtembelea kutoka kaunti nyingine. Litawafaa pia madereva na waongozaji wanaopata riziki kwa kupeleka wageni jangwani.

Chalbi ni pazuri, lakini si pa kufanyia mzaha. Gari likikwama saa nne asubuhi, maji yakiwa kidogo na simu haina mtandao, maisha ya waliomo yamo hatarini kabla jua halijatua. Mara nyingi balaa ya namna hiyo huanzia nyumbani, kwa jambo lililosahaulika au kupuuzwa kabla ya safari.

Ukimaliza somo hili utaweza:

1. Kueleza Chalbi ni mahali pa namna gani na kwa nini asubuhi ndiyo saa yake.
2. Kupanga maji, gari na taarifa za safari.
3. Kutambua vitu vya kuangalia ukiwa huko.
4. Kujua la kufanya gari likikwama, mtu akizidiwa na joto au akiumwa na nyoka.
5. Kufuata adabu za mgeni katika ardhi ya wafugaji.

1. Chalbi ni nini?

Chalbi ni uwanda tambarare ulio mashariki mwa Ziwa Turkana. Upande wa kusini magharibi unasimama Mlima Kulal, na upande wa kaskazini mashariki ni vilima vya Huri. Makazi ya Maikona, Kalacha na North Horr yako kandokando yake, na wenyeji wake wakuu ni Wagabra, wafugaji wa ngamia. Katika lugha yao jina Chalbi lina maana ya mahali patupu penye chumvi.

Maelfu ya miaka iliyopita, mvua zilipokuwa nyingi kuliko sasa, sehemu hii ilikuwa ziwa. Hali ya hewa ilipokauka, maji yalipotea kwa mvuke na kuacha udongo laini na chumvi. Ndiyo sababu ardhi ya katikati ni nyeupe, tambarare na imepasukapasuka kama chungu kilichokaa juani. Hata leo, mvua kubwa ikinyesha milimani, maji huteremka na kutuama humo, na uwanda hugeuka ziwa la kina kifupi kwa siku au majuma.

Jambo hilo ni la kukumbuka kwa usalama wako. Juu ya ardhi ya Chalbi kuna ganda gumu la chumvi na udongo, na chini ya ganda hilo panaweza kuwa na tope. Ganda humbeba mtu na mbuzi bila shida, lakini gari lenye mzigo huweza kulivunja na kuzama hadi ekseli.

2. Kwa nini asubuhi?

Sababu ya kwanza ni joto. Hewa ya jangwani ni kavu na mara nyingi anga haina mawingu, kwa hiyo joto ambalo ardhi ililipokea mchana hupanda na kupotea usiku kucha. Saa iliyo baridi kuliko zote ni ile ya kabla tu ya jua kuchomoza. Kwa hali hiyohiyo ya ukavu, jua likishapanda ardhi hupata moto upesi. Kufikia saa nne asubuhi tayari kivuli kinatafutwa, na mchana joto hupita nyuzi 35 za Selsiasi. Mtalii anayefika Chalbi saa tano ameikosa asubuhi na ameikuta hatari.

Sababu ya pili ni mwanga. Jua likiwa chini, kila kijiwe na kila ufa hutoa kivuli, na mtu huona umbo la ardhi, nyayo za wanyama na dalili za tope. Jua likiwa utosini vivuli hupotea na uwanda wote huonekana sawa. Dereva hapo hawezi tena kutofautisha sehemu kavu na sehemu yenye unyevu.

Sababu ya tatu ni mazigazi. Ardhi ikishapata moto, hewa iliyo karibu nayo huwa na joto kuliko iliyo juu. Miale ya mwanga hupinda inapopita katika hewa hizo mbili, na jicho huona sehemu ya anga kana kwamba imelala chini. Mtu huona maji mbele yake, au kilima kinachoelea, na akikaribia hakuna kitu. Mazigazi ni mazuri kupiga picha, lakini yamewapoteza wengi wanaotegemea alama za mbali kujua njia. Asubuhi mapema mazigazi huwa machache, na vilima vya Huri na Kulal huonekana mahali vilipo.

Kuna jambo moja ambalo asubuhi haiondoi, nalo ni upepo. Kaunti yetu iko katika pengo lililo kati ya nyanda za juu za Ethiopia na nyanda za juu za Kenya, na upepo unaotoka kusini mashariki hubanwa humo ukaongeza kasi, hasa usiku na alfajiri. Upepo huohuo ndio unaozungusha mitambo 365 ya umeme karibu na Loiyangalani, iliyojengwa kuzalisha megawati 310. Kwa hiyo beba shuka au kilemba cha kufunika uso, na usishangae ukihitaji sweta saa kumi na moja alfajiri mahali ambapo saa sita utatafuta kivuli.

3. Matayarisho

*Wakati wa mwaka.* Panga safari wakati wa kiangazi. Miezi ya mvua za masika, Machi hadi Mei, na ya vuli, Oktoba na Novemba, si ya kujaribu bahati. Hata nje ya miezi hiyo, uliza kama mvua imenyesha karibuni katika vilima vinavyozunguka. Anga ya Chalbi inaweza kuwa safi huku tope likiwa limefika.

*Usalama na ruhusa.* Hali ya usalama hubadilika, na aijuaye ni mwenyeji. Kabla ya kuondoka, uliza kwa chifu au kituo cha polisi cha unakokwenda. Kumbuka pia kwamba sehemu kubwa ya ardhi hii ni ardhi ya jamii, ambayo inalindwa na Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016. Haina ua wala lango, lakini ina wenyewe. Kupiga hema au kuleta kundi la wageni kunahitaji ruhusa ya jamii kwanza.

*Mwongozaji.* Chukua mwenyeji wa hapo. Fedha yako itamfaa yeye na jamaa zake, na wewe utapata mtu anayejua wapi ganda linabeba gari mwezi huu. Anayefanya kazi ya kuongoza watalii kwa malipo anapaswa kuwa na leseni ya Mamlaka ya Kudhibiti Utalii. Vijana wenye ujuzi wa njia ambao bado hawana leseni wanashauriwa kuitafuta, kwa kuwa kampuni za watalii huiulizia.

*Gari.* Tumia gari linalovuta kwa magurudumu yote manne, tena kama inawezekana mwende magari mawili, moja liweze kulivuta jingine. Beba beleshi, kamba ya kuvutia, jeki pamoja na ubao wa kuiwekea ili isizame, magurudumu mawili ya akiba, pampu ya upepo, na mafuta ya kwenda na kurudi pamoja na akiba. Usitegemee kwamba utapata mafuta njiani.

*Maji.* Hapa hesabu ifanyike kwa kalamu. Panga lita 5 kwa kila mtu kwa siku, na upange siku mbili hata kama safari ni ya asubuhi moja. Kwa watu sita: 6 × 5 × 2 = lita 60, yaani mitungi mitatu ya lita 20. Ongeza mtungi wa nne kwa ajili ya rejeta na dharura nyingine. Mzigo huo una uzito wa kilo 80 na zaidi, kwa hiyo punguza vitu vingine badala ya kupunguza maji. Usiweke maji yote katika chombo kimoja, kwa kuwa kikitoboka mmekwisha.

*Chakula.* Chukua vitu visivyoharibika: tende, mkate, karanga, na nyirinyiri, ile nyama iliyokaangwa na kuhifadhiwa kwa mafuta ambayo mama zetu wamewapa wasafiri tangu zamani. Beba pia pakiti za ORS. Ukizikosa, changanya vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazishwa, katika lita moja ya maji safi.

*Taarifa.* Mwachie mtu mmoja anayebaki karatasi yenye mambo haya: idadi na majina ya wasafiri, namba ya gari, njia mtakayopita, na saa ya kurudi. Mwambie wazi: "Tusipopiga simu kufikia saa saba mchana, anza kututafuta." Sehemu nyingi za Chalbi hazina mtandao wa simu, kwa hiyo karatasi hiyo ndiyo itakayowaombea msaada.

4. Ratiba ya asubuhi yenyewe

Usijaribu kutoka mji wa Marsabit usiku ili uwahi macheo. Njia hupita Bubisa na Maikona, na baada ya kuacha lami ni ya mawe na vumbi. Safiri mchana wa siku iliyotangulia, ulale Maikona, Kalacha au North Horr, na jioni hiyo ukutane na mwongozaji mpange njia.

*Saa 10:30 alfajiri.* Amkeni, mnywe chai na maji. Kila mtu anywe angalau nusu lita kabla ya kuingia garini. Anayesubiri kiu ndipo anywe amechelewa.

*Saa 11:15.* Ondokeni. Dereva afuate nyayo za magari zilizopo, kwa mwendo wa polepole. Anayekata njia yake mwenyewe huharibu ganda la ardhi na huweza kuangukia tope.

*Saa 11:50.* Simameni mahali pagumu, mzime gari na taa. Nyota bado zinaonekana upande wa magharibi, na mashariki kunaanza kupambazuka. Kaeni kimya kwa dakika chache. Ukimya wa Chalbi ni sehemu ya mlichokuja kutazama.

*Kati ya saa 12:10 na 12:45,* kutegemea mwezi, jua huchomoza. Chumvi hugeuka rangi ya waridi, kisha ya dhahabu, kisha nyeupe. Yote huisha kwa muda usiozidi nusu saa, kwa hiyo andaa kamera mapema.

*Saa 1 hadi saa 3.* Huu ndio muda wa kutembea kwa miguu, kutazama ndege na nyayo, na kufika kwenye chemchemi.

*Saa 3:30.* Anzeni kurudi. *Saa 4:30* muwe kivulini. Kama kuna kilichobaki hamjakiona, kitaonwa kesho.

5. Mambo ya kuangalia

*Chemchemi za Kalacha.* Maji hutokeza hapa ukingoni mwa jangwa, na kandokando yake imeota mikoma, mti wa jamii ya mnazi ambao shina lake hugawanyika matawi. Majani yake husukwa mikeka na vikapu. Asubuhi mifugo huja kunywa, na mgeni hupata kuona kazi ya kunywesha jinsi inavyopangwa.

*Ngamia.* Mwulize mwanafunzi nundu ya ngamia ina nini, wengi watajibu maji. Ukweli ni kwamba nundu ni akiba ya mafuta. Ujuzi wa ngamia wa kuvumilia kiu uko kwingine. Anaweza kuacha joto la mwili wake lishuke hadi nyuzi 34 alfajiri na kupanda hadi nyuzi 40 au zaidi mchana, hivyo hapotezi maji kwa kutoka jasho mapema. Akifika kisimani akiwa amekauka, huweza kunywa zaidi ya lita 100 kwa muda wa robo saa hivi. Ukimgusa ngamia alfajiri, kwa ruhusa ya mwenyewe, utasikia jinsi mwili wake ulivyopoa.

*Firigogo.* Hawa ni ndege wanaofanana na njiwa, na asubuhi huruka kwa makundi kwenda majini. Dume huzamisha manyoya ya tumbo, yakanyonya maji kama sifongo, kisha huruka nayo hadi kwa makinda yake ambayo hayajaweza kuruka. Anayekaa mbali na maji na kutulia atawaona. Anayesogea karibu huwafukuza, na makinda hulala na kiu.

*Nyayo.* Upepo hufuta alama kila siku, hivyo nyayo za asubuhi ni za usiku uliopita. Tafuteni za bweha, mbuni na choroa. Watoto wapewe kazi ya kuchora kila alama waliyoiona na kumwuliza mwongozaji ni ya nani.

6. Ikitokea hatari

*Gari likizama.* Acha kukanyaga mafuta, kwa kuwa magurudumu yakizunguka huchimba kaburi la gari. Wateremke wote, mizigo ishushwe, mchimbe mbele ya kila gurudumu na kuweka ubao, mawe au mikeka. Punguza upepo wa magurudumu ili yatandike, kisha jaribu polepole kurudi kwa njia mliyojia, maana hiyo mnajua ilikubeba. Fanya kazi hiyo kwa zamu, na kama jua limekwisha kuwa kali, subirini jioni.

*Mkipotea au gari likikataa kabisa.* Kaeni na gari. Gari huonekana kutoka mbali, lina kivuli, na maji yako ndani yake. Mtu anayetembea juani anaweza kupoteza lita moja ya jasho au zaidi kwa saa. Kilomita 20 ni mwendo wa saa tano hivi, nayo ni lita tano ambazo hawezi kuzibeba pamoja na mzigo mwingine. Tandikeni shuka kuongeza kivuli, fungueni boneti kuwa ishara, na usiku washeni moto.

*Mtu akizidiwa na joto.* Dalili za mwanzo ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na misuli kukaza. Mweke kivulini, mlegeze nguo, mpe maji au ORS kidogokidogo. Akianza kuchanganyikiwa, kusema maneno yasiyoeleweka au kuzimia, hiyo ni dharura ya kuua. Mwageni maji mwilini, mpepeeni bila kukoma, na mkimbizeni hospitalini. Aliyezimia asinyweshwe kitu. Watoto, wazee na wajawazito hufikia hali hiyo upesi kuliko wengine.

*Kuumwa na nyoka au nge.* Vaeni viatu vilivyofunga mguu, na kung'uta viatu na matandiko kabla ya kuvitumia. Aliyeumwa na nyoka atulizwe, kiungo kilichoumwa kisitikiswe, pete na bangili zivuliwe kabla uvimbe haujaanza. Usikate jeraha, usinyonye, usifunge kamba ya kuzuia damu. Tiba iko hospitalini, na kila dakika ina thamani.

Namba za dharura ni 999 na 112, na Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya hupatikana kwa 1199. Ziandikwe kwenye karatasi na si katika simu pekee, kwa kuwa betri huisha.

7. Adabu za mgeni

*Salamu kwanza.* Usipite boma wala kisima bila kusalimu. Neno la salamu kwa Wagabra na Waborana ni "nagaa", yaani amani. Wazee wasalimiwe kabla ya vijana, na shida au ombi lije baada ya salamu.

*Kisima kina zamu.* Katika desturi ya Waborana, zamu za kunywesha husimamiwa na abba herega, na wengine nao wana wasimamizi wao. Gari la watalii halina haki ya kuruka zamu. Usioge wala kuosha gari kwenye maji ya mifugo. Lita 20 za kuoshea vumbi la gari ndizo ambazo mama mmoja amezitembelea asubuhi yote.

*Picha.* Omba ruhusa kabla ya kumpiga mtu picha, na ukikataliwa ukubali. Picha za watoto ziombewe kwa wazazi. Kamera za kurushwa angani bila rubani zinahitaji idhini ya Mamlaka ya Usafiri wa Ndege, na pia hutisha ngamia.

*Malipo.* Bei ya kuongozwa, ya kupanda ngamia au ya kulala ikubaliwe kabla, mbele ya watu wawili. Kutoa peremende na sarafu kwa watoto barabarani huwafundisha kukimbiza magari badala ya kwenda shuleni. Mwenye nia ya kusaidia aongee na mwalimu au mzee wa kijiji.

*Takataka.* Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchini tangu Agosti 2017, lakini chupa bado zinatupwa. Mbuzi au ngamia akimeza plastiki huweza kufa, na mfugaji hupoteza mali. Mliyoingia nayo yote mtoke nayo.

*Mifupa na mawe ya kale.* Eneo hili ni jirani ya Sibiloi, ambako mabaki ya kale ya binadamu yamepatikana. Ukiona mfupa uliogeuka jiwe au chombo cha mawe, usikiokote. Piga picha na utoe taarifa. Mali hizo zinalindwa na Sheria ya Makavazi na Turathi za Kitaifa ya mwaka 2006.

Maswali ya kujadiliana

1. Kikundi cha watu tisa kinakwenda Chalbi asubuhi moja. Kwa kipimo cha somo hili, kinahitaji mitungi mingapi ya lita 20, pamoja na ule wa dharura?
2. Anga ni safi, lakini jana mvua ilinyesha kwenye vilima vya Huri. Utamshauri nini dereva, na kwa nini?
3. Gari limezama saa nne asubuhi na kijana mwenye nguvu anajitolea kutembea hadi Kalacha, kilomita 20. Mjibuni kwa hesabu.
4. Mgeni anataka kujaza ndoo kisimani kabla ya ngamia waliotangulia. Utamweleza nini?

Jibu la swali la kwanza ni mitungi sita: lita 90 hujaza mitungi minne na nusu, kwa hiyo ni mitano, na mmoja wa dharura. Mengine yajadiliwe shuleni, katika vikundi vya vijana na katika mabaraza. Yule kijana wa swali la tatu ndiye wa kuzungumziwa zaidi, kwa kuwa katika kila kundi huwa yupo.